Bi Mwantumu na Ulimi wa Mwanawe

Saumu haitazamwi ulimini. Mmeisikia, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Basi tulieni, maana asili yake si ya kuchekesha.

Hapa mjini kwetu palikuwa na mama mmoja, Bi Mwantumu, mtu wa dini kweli, lakini mwenye kushuku hata kivuli chake. Kila Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, aliwapanga wanawe ukumbini akawakagua ndimi. Ulimi mkavu wenye utando mweupe, huyo kafunga. Ulimi mwekundu wenye maji, huyo ni kobe, anakula mchana kwa kujificha.

Mwanawe wa kwanza, Sharifu, alipokuwa mdogo ndiye aliyetangulia kutoa ulimi, tena akauzungusha hadi kwa majirani wausifu. Alipotimiza miaka kumi na mitano akabadilika. Madrasani alimuuliza mwalimu: kama saumu ni siri ya mja na Mola wake, ndimi tunazitoa za nini? Mwalimu akamnong'oneza mama kwamba kijana ameanza kuyumba. Ramadhani ilipoingia, Sharifu akakataa kukaguliwa. Hakufanya ukali; alisema tu kwamba amefunga, akaenda kutawadha.

Bi Mwantumu roho ikamruka. Mwana aliyemlea kwa Kurani ndiye anamponyoka hivi hivi? Akaanza kumnusa kila akipita. Akampekua mifuko akitafuta makombo ya mkate. Hakupata kitu, na kule kutopata ndiko kukamzidishia shaka: kumbe huyu ni fundi wa kuficha.

Mchana mmoja akamfuata. Sharifu akaingia kwa Mzee Shomvi, jirani mgonjwa asiyeweza kufunga. Bi Mwantumu akachungulia dirishani, akamwona mwanawe ameshika bakuli la uji, kijiko ki karibu na midomo yake. Hakungoja aone kijiko kinakwenda wapi. Akawaita majirani, akaingia nao kwa kishindo, akamshika kijana taya.

"Toa ulimi!"

Sharifu akautoa. Mkavu, mweupe. Mzee Shomvi akaeleza kwa taabu kwamba kijana huupuliza uji upoe kabla ya kumlisha. Bi Mwantumu akaliachia lile taya, lakini maji yalikwisha kumwagika. Sharifu alichukua kikombe cha mgonjwa, akanywa maji yote mbele yao.

"Saumu niliyokuwa nafunga ilikuwa ya Mungu," akasema. "Hii mnayoitaka ninyi siiwezi."

Bi Mwantumu alirudi nyumbani analia, kwa kuwa alijua ni nani aliyemvunjisha mwanawe saumu. Ndimi hakuzikagua tena, na kama Sharifu alifunga siku zilizobaki au hakufunga, hakuthubutu kuuliza.

Idi ikapita. Siku moja akampakulia Sharifu wali wa mchana, kijana akausogeza kando.

"Nimefunga, mama. Nalipa ile siku."

Hakuna aliyemtuma. Macho ya mama yakamkimbilia mdomoni kwa mazoea, kisha akaona haya, akainama na kuifunika sahani.

Jirani aliyekuwapo akamcheka, akamuuliza ana hakika gani, naye hata hakumkagua.

Bi Mwantumu akamjibu, "Saumu haitazamwi ulimini."