Bi Zamda na Kikapu Kisichoingia

Kilichozuiwa hakipigiwi ngoma. Mmeisikia jana uwanjani, mkaibeba mpaka hapa kwangu mkibishana njia nzima. Huyu anasema ubingwa huletwa na wafungaji, yule anasema huletwa na wakabaji, na kila mmoja anadai methali iko upande wake. Haya kaeni, na wewe mwenye mpira acha kuudundadunda. Methali hii ina mwanzo wake, tena ni wa hapa hapa Morogoro, na ilikuwa hivi.

Palikuwa na timu ya mpira wa kikapu ya ligi ya kulipwa, Nyota ya Uluguru. Timu ilikuwa na mpiga ngoma wake, Bi Zamda Mwegoha, mwanamke wa makamo ambaye kabla ya hapo alipiga ngoma za unyago kwa miaka ishirini. Kila mchezaji alikuwa na mdundo wake. Akifunga, Bi Zamda anaupiga, na hapo ndipo mashabiki wanapolipuka. Hata aliyetoka nje kununua karanga alijua nani kafunga. Ikawa desturi: bila ngoma, hakuna anayeshangilia. Na wapinzani walipokuja kushambulia, Bi Zamda alilaza vijiti vyake akajimiminia kahawa, maana hapo hapakuwa na kazi yake.

Mdundo uliolia zaidi ulikuwa wa Mihayo, kijana wa Kinyamwezi mwenye shabaha ya kutisha. Mdundo uliolia kidogo kuliko yote ulikuwa wa Gaspari Kobelo, Mluguru wa miaka thelathini na minne, mkimya, mwenye mikono mirefu na magoti yaliyofungwa vitambaa. Siku moja Kobelo alifunga, na Bi Zamda akabaki ameinua vijiti hewani kwa kuwa mdundo wenyewe alikuwa ameshausahau. Watu walicheka. Kobelo naye alicheka, kisha akakimbia kurudi kukaba.

Ubaya ni kwamba Mwenyekiti Lukali aliwapima wachezaji kwa ngoma hiyo hiyo. Kila msimu ulipokwisha, alimwuliza Bi Zamda mbele ya watu ni nani ngoma imemwita mara chache kuliko wote, na aliyetajwa aliagwa. Mwaka ule Nyota ilipoingia fainali kwa mara ya kwanza, kila mtu alijua jina litakalotajwa. Kobelo mwenyewe alijua. Hakuwa na kazi nyingine aliyoipenda duniani.

Fainali ilikuwa ya michezo mitatu, dhidi ya Pwani Kasi ya Dar es Salaam. Mchezo wa kwanza Mwenyekiti alimbana kocha.

"Fainali ni kufunga," alimwambia. "Huyo mzee wako mkalishe benchi."

Kobelo akakalishwa. Basi siku hiyo ngoma ililia, jamani! Nyota walifunga tisini na tatu, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Lakini wahenga walishasema ngoma ikilia sana haikawii kupasuka, na kweli, robo ya nne ngozi ilichanika katikati. Mashabiki walitoka ukumbini wamekauka makoo kwa furaha. Walifika mbali ndipo mmoja akakumbuka kwamba timu imefungwa. Pwani Kasi walikuwa na tisini na sita.

Mchezo wa pili ngozi mpya ilikuwa bado inakauka juani. Bi Zamda alikwenda ukumbini mikono mitupu, na mtu asiye na kazi hana budi kutazama. Kocha naye alikuwa amekataa katakata kusikiliza ushauri wa Mwenyekiti, akamwingiza Kobelo tangu mwanzo amkabe Twalibu, mfungaji hatari wa Pwani Kasi.

Hapo Bi Zamda akaona ambacho hakuwa amekiona msimu mzima. Twalibu alitikisa kichwa, Kobelo hakushughulika. Alitikisa bega, Kobelo hakushughulika. Alipohama kweli, Kobelo alikuwa ameshafika, amesimama, mikono juu. Ilimchukua Bi Zamda robo nzima kugundua kwamba Kobelo hatazami mpira wala macho. Anatazama kiuno. Mama huyo alishika kichwa. Yeye mwenyewe alijua vizuri siri hiyo, kwani mpiga ngoma ya unyago husoma kiuno cha mcheza ngoma ili ajue hatua inayokuja kabla haijaja. Huu ufundi alidhani wanaujua wanawake wa ngoma peke yao, kumbe jitu lile limejifunzia wapi!

Alimtazama tangu hapo bila kupepesa. Alimwona akimsukuma Twalibu taratibu mpaka pembeni, kama mchungaji anavyompeleka beberu zizini, bila kumgusa, refa asipate cha kupulizia. Alimwona akianguka, akiinuka, akiwaelekeza wenzake wakae wapi. Nyota walishinda sitini na nne kwa sitini na moja. Bi Zamda alirudi nyumbani akiona haya. Kahawa yote ile aliyokunywa msimu mzima, aliinywa wakati mtu yule anafanya kazi.

Mchezo wa tatu ngoma ilikuwa imewambwa upya. Mihayo alifunga thelathini na moja, na tusimpunje sifa zake, kwani bila yeye wasingefika popote. Zilipobaki sekunde tisa, Nyota walikuwa na sabini, Pwani Kasi sitini na tisa, na mpira ulikuwa mikononi mwa Twalibu. Kikapu kimoja tu, kombe linakwenda Dar.

Kobelo alikwenda mbele yake. Twalibu akaenda kulia, Kobelo yupo. Akarudi kushoto, yupo. Akageuka, akajifanya anaruka, Kobelo hakuruka. Kiuno kilikuwa hakijapanda. Akageuka tena kutafuta mwanya, na king'ora kikalia mpira ungali mikononi mwake.



Watu elfu mbili walikuwa wamesimama, timu yao imekuwa bingwa, na hakuna aliyetoa sauti. Walikuwa wanasubiri ngoma! Na Bi Zamda alikuwa ameinua vijiti, anatafuta mdundo kichwani, haupati.

"Bibi, piga!" Mihayo alipiga kelele kutoka uwanjani. "Tumeshinda!"

"Nipige mdundo wa nani? Nani kafunga?"

"Hakuna aliyefunga, Bibi! Ndiyo maana tumeshinda!"

Bi Zamda akaangusha vijiti vyote viwili. Akapanda juu ya benchi, umri wake na kitambi chake, akapiga vigelegele mpaka pumzi ikamwishia. Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka. Kobelo alikuwa amekaa chini, uso magotini, analia.

Kombe lilipokwisha kukabidhiwa, Mwenyekiti Lukali alishika kipaza sauti. Desturi ni desturi.

"Bi Zamda, tuambie. Msimu huu ngoma imemwita nani mara chache kuliko wote?"

"Kobelo," alijibu Bi Zamda bila kusita.

Watu wakaguna. Kobelo akainuka pale alipokuwa, akaanza kufungua vitambaa vya magotini.

"Bado sijamaliza, Mwenyekiti," Bi Zamda alisema, akiuchukua mkono wenye kipaza sauti akauvutia kwake. "Mchezo wa kwanza ngoma yangu ililia hadi ikapasuka, na tukafungwa. Leo dakika ya mwisho imekosa la kulia, na kombe hilo hapo. Ngoma yangu inajua kilichoingia tu. Kilichozuiwa hakipigiwi ngoma. Ukimpima mtu huyu kwa ngoma yangu, mimi na ngoma yangu tunaondoka leo."

Mihayo naye akadakia, maana Mnyamwezi na Mluguru ni watani. "Mwenyekiti, huyu Mluguru wangu hajui hata kufunga mlango. Lakini mimi nikikosa, naomba mpira tena. Yeye angekosa leo mara moja tu, tungekuwa tunazika. Akiondoka, na mimi nitafutie basi la Tabora."

Mwenyekiti alitazama kombe, akatazama ngoma, akamtazama Kobelo aliyekuwa na kitambaa kimoja mkononi na kingine gotini. Alikuwa mtu mkaidi, lakini hakuwa mpumbavu.

"Kifunge tena, Kobelo," alisema. "Msimu ujao tunakuhitaji."

Ndivyo ilivyokuwa. Sasa msinisumbue tena kwa kubishana. Mfungaji mshangilieni, ni haki yake, mwiteni kwa ngoma mpaka mkono uchoke. Ila mkiona timu imetwaa ubingwa, au nyumba imelala salama, au mtoto amekua bila kupatwa na baya, ulizeni ni nani aliyekuwa amesimama mlangoni mikono juu, nanyi mkamwamkie kwa heshima. Hakuna atakayewatangazia jina lake, kwa sababu kilichozuiwa hakipigiwi ngoma.