Mkalimani wa Waffle

Mhina alidanganya kwamba anajua Kifaransa, na mjomba wake Shekiondo, tajiri wa mkonge wa Korogwe, akamchukua hadi Brussels awe mkalimani. Kifaransa chenyewe kilikuwa "mersi" tu, yaani asante, na hata hilo alilitamka vibaya.

Jioni ya kwanza tajiri alisukuma sahani ya waffle, vile vitumbua bapa vya Kibelgiji. "Hizi waffle za watalii, krimu tupu! Kesho waulize wenyeji wanakula wapi. Ukishindwa, unarudi Korogwe."

"Niachie mimi, mjomba."

Kesho yake alimpeleka moja kwa moja kwenye kibanda cha uchochoroni, ambako mafundi ujenzi walikuwa wamepanga foleni. Akambwabwajia muuzaji, mama wa Kizungu, maneno yasiyo na kichwa wala miguu. Mama akaitikia kwa kichwa, akatoa waffle za moto. Mjomba alikula tatu.

"Karibu tena, mzee wangu," mama akamwambia kwa Kiswahili.

Shekiondo aligeuka kumtazama Mhina.

"Nimemfundisha maneno hayo, maana mtu mkubwa kama wewe huagwa kwa lugha ya kwao," alisema Mhina. Hakutaja kwamba asubuhi ile, kabla mjomba hajaamka, alipotea njia, akawa anajilaani kwa Kiswahili kwa sauti, na mama huyo aliyekulia Bukavu, Kongo, akamsikia, akamcheka, kisha wakapatana mama ajifanye anaelewa Kifaransa chake.

"Kijana unafaa!" Mjomba akampiga bega. "Kesho utanitafsiria kwa wanunuzi wa mkonge."

Mhina aliweka chini waffle yake. "Mersi," akasema.