Yungiyungi Lilivyoingia Ziwani

Hii nawapa kama nilivyopewa, mashahidi msinidai. Minza, mkamwana wangu, sogea nawe usikie.

Zamani yungiyungi lilikuwa ua la nchi kavu. Lilichanua ukingoni mwa ziwa letu, kando ya njia ya kuteka maji, na maji yenyewe liliyaogopa kama paka. Ziwa nalo halikuwa na alama yoyote. Ulipoingia, maji yalikufika magotini, kisha kiunoni, kisha ghafla chini hapakuwa na pa kukanyaga.

Siku hizo bi harusi alipimwa kwa maji. Asubuhi yake ya kwanza alimtekea mama mkwe mtungi mmoja, na yakionekana na tope, alirudishwa kwao. Kwa hiyo mabibi harusi waliyafuata maji meupe mbali na ukingo, na si wote waliorudi.

Kabula aliolewa hapa akitoka milimani, kuogelea hajui. Mama mkwe wake, Ng'wasi, alikuwa mtu wa kuchagua. Hata uji aliuchungulia kwanza. Jioni Kabula alipowasili, kiangazi kikiwa kikali, alilikuta yungiyungi limenyauka njiani akalimwagia maji yaliyosalia kwenye kibuyu chake cha safari. Ua halikusahau.

Kulipopambazuka Kabula aliingia ziwani na mtungi wake. Kila alipokanyaga tope lilitibuka, naye akazidi kwenda. Yungiyungi likaona anakoelekea, likajitosa na hofu yake vilevile. Mizizi ikashika tope, shina likarefuka, likampita na kutandaza majani mbele yake, kisha likamzonga miguuni. Kabula akakwama, akaanza kulia.

Ng'wasi akaja mbio. Alipoona ilikuwa imebaki hatua moja tu afike kilindini, alisimama ukingoni akimpungia mkono.

"Rudi, mwanangu," alisema. "Chota hapo hapo ulipo."

"Yana tope, mama."

"Nitayanywa."

Kabula akachota, ua likamwachia miguu, akarudi. Ng'wasi akayanywa ukingoni pale, bila kuchungulia, na Kabula akakaa kwake mpaka akaitwa bibi.

Na tangu siku hiyo yungiyungi huishi kwenye maji ya kina kifupi, na linapokoma ndipo nasi tunapokoma. Hufunguka asubuhi wanawake wakienda kuteka, hufumba jioni wakisharudi. Nasi akina mama mkwe, maji ya kwanza ya bi harusi tunayanywa bila kutazama mtungini.

Yako pia niliyanywa hivyo, Minza. Yalikuwa na tope kweli kweli, na nilifurahi kwa kila funda.