Upawa wa Mpishi wa Meli

Hapo zamani, si zile za wanyama kusema, bali hizi za juzijuzi, ndege za abiria ziliporuka na watu wa kijiji cha Mwarungu wangali wakiacha majembe ili kuzitazama, aliishi mjane aitwaye Bi. Mkamburi.

Marehemu mumewe, Mwachofi, alikuwa mpishi wa meli za mizigo. Wenzake walirudi kutoka baharini na redio na mablanketi. Mwachofi alirudi na hadithi. Kabla viatu havijamtoka miguuni, watoto walikuwa wamekwisha kumzunguka: "Baba, safari hii ulifika wapi?" Naye akawaambia. Aliwaambia juu ya mlima wa Ugiriki, ambako watu wa kale waliamini miungu yao inakaa kileleni ikila na kugombana kama wake wenza. Aliwaambia juu ya pwani ya Ayalandi, penye mawe yaliyopangwa kama sega la nyuki, ambayo wenyeji husema yalipangwa na jitu lililotaka kuvuka bahari likapigane na jitu la ng'ambo. Tena aliwaambia juu ya ziwa la Uskoti, refu na jeusi, ambamo inasemekana anaishi mnyama asiyejulikana.

Hizo mbili za kwanza alisimuliwa. Hii ya tatu aliiapia. "Nilimwona kwa macho yangu haya," alisema. "Mgongo wake kama sufuria kubwa iliyofudikizwa majini."

Hapo ndipo Mwarungu yote ilipocheka. Wakamwita Mwachofi Sufuria. Aliitwa hivyo sokoni, aliitwa hivyo kanisani, na siku alipozikwa mtu mmoja nyuma ya umati alisema, "Sufuria imefunikwa," watu wakauma midomo ili wasicheke. Bi. Mkamburi alisikia. Hakugeuka. Alitupa udongo wake kaburini akarudi nyumbani.

Miaka ikapita. Macho yake yakaanza kuzingwa na kiza pembeni, kidogo kidogo, kama mlango unaosukumwa na upepo. Daktari alimwambia ni presha ya macho, na kwamba nuru iliyokwisha kupotea hairudi. Basi akawaita watu wake watatu. Wa kwanza Mwakio, kifungua mimba wake, mfugaji. Wa pili Righa, mume wa marehemu binti yake, Mghoi. Wa tatu Wakesho, kitinda mimba, fundi cherehani.

"Nataka kwenda," akasema.

"Wapi, mama?" akauliza Mwakio.

"Alikokwenda baba yenu. Nikaone kabla mlango haujafungwa."

Mwakio akakunja uso. "Mama, baba alikuwa mtu mwema. Lakini mimi nilikwenda shule nikiitwa mtoto wa Sufuria. Nilipigana kila Jumatatu. Siamini hata moja katika hadithi zile."

Akaondoka. Lakini wiki haikwisha, akauza ng'ombe wake wa maziwa, wote, aliowalea tangu ndama na kuwapa majina kama watu. Mmoja alilia njia nzima kwenda kwa mnunuzi, na Mwakio naye hakuwa na macho makavu. Akamletea mama yake tikiti za watu wanne.

"Si kwamba naamini," akasema. "Wewe ndiye unayeamini."

Wakafunga safari.

Wakafika Ugiriki. Mlima ulikuwa umejifunika wingu kiunoni kama mwanamke aliyevaa leso, na njia yake ilikuwa ya mawe. Bi. Mkamburi alikuwa bado anaona mbele yake, lakini kando haoni. Akakanyaga jiwe asiloliona, kifundo cha mguu kikateguka. Akaketi chini. Kilele hakikuonekana kutoka pale, ilikuwa sharti kwanza kupanda njia ile ya mawe hadi mahali pa wazi.

"Turudi," akasema Mwakio. "Mama ameumia."

Righa akaja akachutama mbele ya mkwewe, akampa mgongo. "Panda, mama."

Bi. Mkamburi akashtuka. Nyinyi mnajua: huko kwao mkwe hata kula mbele ya mama mkwe ni taabu. Wakikutana njiani mmoja hupisha, mwingine huinamisha uso. Sasa ambebe mgongoni, miguu ya mama mkwe imekumbatia kiuno cha mkwe?

"Mkwe wangu, heshima iko wapi?"

"Heshima niliiweka kwa Mghoi," akajibu Righa bila kugeuka. "Angekuwa hai angekubeba yeye. Panda, mama, usinitie haya zaidi kwa kunikawiza."

Akapanda. Righa alipanda mlima na yeye, akihema, akisimama, akihema tena, mpaka mahali wingu lilipopasuka na kilele kikatokea, kijivu, chenye meno, na theluji katika nyufa zake.

"Ni kama alivyosema?" akauliza mama.

"Ni kama alivyosema," wakajibu.

Akakitazama mpaka wingu likafunga. Tangu siku ile mgongo wa Righa haukupona. Hadi leo akilima, jua la mchana humkuta ameshaacha jembe.

Wakafika Ayalandi. Mawe yalikuwepo, meusi, yamesimama wima na kubanana, mengi yana pembe kama vyumba vya nyuki, yakishuka hatua kwa hatua hadi baharini. Nuru ya macho ilikuwa imepungua, hivyo Bi. Mkamburi aliinama akayapapasa. Mwakio akamshika mkono, akauongoza kutoka pembe hadi pembe.

"Ni kama alivyosema?"

Mwakio akakiweka kiganja cha mama juu ya jiwe moja. "Ni kama alivyosema, mama. Sega la nyuki kabisa."

Wakafika Uskoti, kwenye lile ziwa. Na hapa ndipo roho ya Bi. Mkamburi ilipokuwa imening'inia miaka yote. Maana mlima hauhitaji shahidi, wala mawe. Lakini mnyama aliyeonekana na mpishi mmoja, nani atamshuhudia? Yeye mwenyewe alikuwa amelala karibu na mtu yule miaka mingi, akapika naye, akazaa naye, na kila watu walipocheka alijiuliza kimya kimya: je, alinidanganya na mimi?

Waliketi ufukweni tangu asubuhi. Maji yalikuwa maji. Mvua nyembamba ilinyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Bi. Mkamburi sasa aliona weupe na weusi tu. Mwakio na Righa wakaenda kutafuta chai. Gari la kuwarudisha lilikuwa karibu kuja.

Wakesho akasimama ghafla.

"Nini, mwanangu?"

"Mama, usiseme." Akamshika bega. "Kuna kitu. Kule katikati. Kinapanda... Ni shingo, mama, nyembamba, kama shina la mgomba lililokatwa majani. Sasa mgongo. Umeng'aa. Unateremka... Amezama."

"Amezama?"

"Amezama. Maji yamefunga."

Bi. Mkamburi akashika kifua. Angesema sufuria, ningejua ananirudishia maneno ya baba yake, akawaza. Lakini amesema mgomba. Machozi yakamtiririka, akacheka ndani yake kama msichana.

"Mwachofi," akasema kwa sauti, akiyaambia yale maji. "Mume wangu. Hukunidanganya."

Wakarudi nyumbani. Nuru ikazimika yote, lakini mama yule hakuonekana mwenye huzuni. Alisimulia safari yake kwa kila aliyepita mlangoni, na jina la Sufuria likaanza kufa midomoni mwa watu. Wengine hata waliomba radhi kaburini. Ila kwa Righa walipata kicheko kipya. "Punda wa mama mkwe," walimwita. Mwanamke aliyekuwa amekubali kuolewa naye akavunja uchumba.

Sasa, katika nyumba ile kulikuwa na kitu kimoja tu cha thamani: upawa wa Mwachofi, wa mti mgumu, uliozunguka dunia naye. Mwachofi alipotaka kusimulia aliugonga kwenye chungu, na mjane wake akafanya vivyo hivyo baada yake. Anayeushika ndiye mwenye hadithi za ukoo, na mikusanyiko yote humngoja yeye. Haugawanyiki, maana hadithi ikisimuliwa na vinywa vitatu huzaa ugomvi.

Siku ya mavuno Bi. Mkamburi akauweka mapajani. "Nimezeeka," akasema. "Leo nampa mmoja wenu. Semeni."

Mwakio akasema: "Mama, mimi sikuamini, nikatoa. Anayeamini akitoa, anajinunulia alichokitaka. Mimi nilijinunulia nini? Zizi langu ni tupu. Bila ng'ombe wale, mlima mngeuona ndotoni."

Righa akasema: "Mimi si damu yenu, na aliyetuunganisha ameshazikwa. Hakuna aliyenidai. Nimetoa mgongo, nimetoa jina, nimekosa mke. Ng'ombe hununuliwa tena, mama. Mgongo je?"

Mama akamgeukia Wakesho, upande aliposikia pumzi yake. "Na wewe, macho yangu?"

"Mama," akasema Wakesho, "siwezi kuushika upawa huo kwa uongo. Sikuona kitu. Yalikuwa maji tu."

Mwakio akaruka. "Basi umemfanya baba mwongo mara ya pili! Na mama amekwenda kila mlango akisimulia uongo wako!"

"Nimemfanya mama apumzike," akajibu Wakesho, akilia. "Nyinyi mlimfikisha penye maji. Lakini hakwenda kutazama maji, Mwakio. Alikwenda kumtafuta baba. Nani kati yenu alimrudishia baba? Na ningeweza kunyamaza leo. Nimesema ili upawa uende kwa mtu anayestahili, hata akiwa si mimi."

Maneno yale yalimchoma Bi. Mkamburi, msidhani hayakumchoma. Yule mnyama aliyemwona moyoni akazama, na safari hii maji yalifunga kweli. Lakini alipojipapasa ndani kutafuta ile hofu ya zamani, ya mke asiyejua kama alidanganywa, hakuikuta. Ilibaki Uskoti. Akajua pia kwamba bila mgongo wa Righa asingefika mbali, na bila ng'ombe wa Mwakio asingetoka hata uani.

Akaunyoosha mkono wenye upawa mbele yake, gizani mwake. Watu wake watatu walikuwa kimya, na mkono ule haukujua uelekee wapi.

Haya, nyinyi mliokula mavuno yenu mkashiba, msinyamaze kama wao. Mmoja alitoa mali bila imani. Mmoja alitoa mgongo na heshima bila deni. Mmoja alitoa uongo, kisha akatoa ukweli. Mkono wa mama umechoka kunyooka. Je, nani alistahili upawa?