Fisi na Pakiti ya Ladha ya Mfupa

Paukwa.

Pakawa.

Kaeni basi, leo sina nguvu ya kuita mara mbili. Nimechoka, na hadithi yenyewe inachosha.

Palikuwa na Fisi. Fisi huyo alifungua duka mlangoni mwa shule ya wanyama. Alijaza pakiti unga, sukari na rangi, akachora embe linalocheka, akaandika: Ladha ya Embe. Watoto wakatafuna, kacha-kacha-kacha. Asubuhi kacha-kacha, jioni kacha-kacha. Nyumbani uji ukapoa.

Nguchiro, mjane mdogo wa umbo, alikuwa na kitinda mimba wake, Siwatu. Siwatu hakutaka tena uji wala mchicha. Meno yakaoza, miguu ikalegea, hata shule akawa anabebwa mgongoni. Nguchiro alimbeba, alimbembeleza, alichoka. Aliogopa mtoto atamfia.

Sasa, desturi ya kijiji kile, muuza chakula huonja kwanza mbele ya mnunuzi. Fisi hakuonja hata siku moja. Yeye alikula mifupa yake nyuma ya duka.

Nguchiro aliliona hilo. Akachukua pumba, akatia chumvi na masizi ya jikoni, akafunga pakiti, akachora paja la ng'ombe linalocheka. Akaandika: Ladha ya Mfupa.

"Bwana Fisi, nimekuletea zawadi."

"Weka hapo, mama. Hilo paja mbona limenona?"

"Ndivyo lilivyochorwa."

Fisi akatafuna, kacha-kacha-kacha. Akataka nyingine, Nguchiro akaleta. Kesho nyingine, keshokutwa nyingine. Mifupa ya kweli akaiona haina ladha. Mwezi ukapita, taya zikalegea, mbavu zikahesabika, akashindwa hata kuinua dirisha la duka.

"Mama Siwatu," akalalama, "mbona nakula sishibi? Mfupa uko wapi?"

"Imeandikwa ladha, bwana. Mfupa ni kitu kingine."

Duka likafungwa. Siwatu alilia siku tatu akitaka pakiti. Siku ya nne akanywa uji, kikombe kizima, huku amenuna. Nguchiro akakaa chini, akalia yeye.

Hadithi yangu imekomea hapo; aliyeshiba alale, mwenye njaa aoshe vyombo. Funzo lake ni hili: watoto, msiwasumbue mama zenu kwa kuuliza ndani mna nini. Kuleni picha. Na wewe Mwinyi, hiyo pakiti uliyoikalia ilete hapa niimalize mimi. Mimi mzee, meno yalishang'oka zamani.