Binti Ghalibu na Jinni Aliyepiga Hodi

Alitawala zamani katika mji wa Shangamu, mji wa misikiti ya mawe na bustani za mikomamanga, Sultani kijana aitwaye Harithi bin Sefu, na baba yake alikuwa ameuawa kwa sumu aliyotiliwa na rafiki yake katika bilauri ya sharbati, na tangu siku ile Harithi hakula kitu kisichoonjwa wala hakumwamini mtu. Na hofu yake hiyo aliijua Waziri Shadhili, mwenye ulimi laini na moyo wa jiwe, ambaye alirudi kutoka safari za mbali na pete ya shaba, na ndani ya pete amefungwa jinni.

"Maulana," akasema Waziri, "katika miji niliyoiona watu wamestaarabika, wameacha mambo haya ya mapazia na siri. Asiye na kosa ana nini cha kuficha? Jinni huyu atasikiliza katika kila nyumba, na alisikialo atalisema mbele yako, wala hawezi kusema uongo. Dosari yake ni moja: havuki kizingiti asipokaribishwa."

"Na nani atamkaribisha mpelelezi?" akauliza Sultani.

Waziri akacheka. "Watu wa Shangamu, maulana? Wote."

Na alisema kweli, mwana wa hila yule. Kwa maana watu wa Shangamu walilelewa hivi, kwamba mtu akisikia hodi huitika kabla hajafikiri, hata kama yumo usingizini. Basi jinni akajigeuza chiriku, akatua juu ya milango akaita, "Hodi, wenyewe!" kwa sauti tamu, na kutoka jikoni na kutoka ukumbini watu wakaitika, "Karibu!" na ndege akaingia akatulia juu ya boriti, akasikiliza. Na Sultani akabandika langoni amri kwamba atakayesikiwa nyumbani akiwasema wakubwa aadhibiwe, na aliyenung'unikia ushuru akafungwa, na mabibi walioimba nyimbo za harusi za kale, zenye mafumbo ya kuwatania wakubwa, wakachapwa bakora.

Watu walipomjua ndege, wakaacha kuitika. Na hapa mimi msimulizi moyo huniuma kila nisimuliapo, kwani mwanamke mmoja alishikwa na uchungu wa kuzaa, akapiga hodi mtaa mzima, na waliomo ndani wakaziba vinywa vyao kwa viganja, akajifungua barazani peke yake. Mji ambao hakuna jeshi lililowahi kuuvunja ukavunjwa na ndege asiyejaza kiganja.

Alikuwamo mjini humo mfanyabiashara wa udi na ambari, mzee Ghalibu bin Amrani, mtu wa mila na mkali kama pilipili, naye hakukubali kuacha kuitika hodi, na chiriku akaingia akamkuta chakulani, akanukuu maneno yake, na askari wakamchukua. Hukumu ikawa akatwe ulimi siku ya Ijumaa, baada ya shahidi, yaani yule jinni, kuyakariri maneno hayo mbele ya baraza, kama ilivyotaka sheria ya mji. Binti yake wa pekee, Zaituni, alilia hata macho yakavimba, kisha akanawa uso, akajifunga kibwebwe, akasema, "Ulimi wa baba yangu haukatwi."

Alhamisi adhuhuri ikasikika mlangoni, "Hodi, wenyewe!"

"Nyamaza, mwanangu!" shangazi yake akamnong'oneza, huku akimvuta ukaya wa kichwani. "Ni yule yule!"

"Nitaitika, shangazi. Desturi yetu haikutuponza. Tumejiponza wenyewe kwa kuishika nusu. Tangu lini mgeni akaambiwa karibu, akaachwa juu ya boriti bila hata tonge?" Na akapaza sauti, "Karibu, mgeni! Karibu chakula!"

Akamtandikia mkeka na kumwekea wali wa nazi na samaki wa kupaka, na chiriku akashuka, akamtazama kwa muda mrefu.

"Ewe binti," akasema, "nimeingia nyumba za wafalme na za maskini, na wote waliniogopa, na hakuna aliyeniambia kula."

"Basi kula, usione haya. Kwetu mgeni haulizwi alikotumwa kabla hajashiba."

Akala, na machozi yakamdondoka, na Zaituni hakumwomba neno.

Ijumaa baraza likajaa, na mzee Ghalibu akaletwa na minyororo, na mwenye kisu akasimama kando. Waziri akaisugua pete, na jinni akatokea kwa umbo lake, kichwa kikagusa dari, na watu wakarudi nyuma.

"Sema ulichosikia nyumbani kwa mtu huyu!"

"Sisemi," akajibu jinni. "Nimekula nyumbani kwake. Kwetu sisi majini, aliyekula chumvi ya watu hatoi nje siri za nyumba yao, na kifungo hiki ni kikubwa kuliko pete." Na pete ikapasuka kidoleni mwa Waziri.

"Binti huyu amemhonga shahidi!" Waziri akapiga kelele.

"Alinipa wali," akasema jinni. "Hakunipa ombi." Na akatoweka.

Kadhi akainuka akatangaza kwamba hakuna shahidi na mzee aachiwe, na shangazi akamfinya Zaituni, "Twende zetu, mwanangu, kabla hawajageuka!" Lakini Zaituni hakuondoka. Alimwona baba yake akifunguliwa minyororo, na amri ya Sultani ingali imebandikwa langoni, naye akajua kwamba wakienda zao hivi hivi, kesho atachukuliwa baba wa mwingine. Akasonga mbele.

"Maulana, shahidi amenyamaza, lakini mimi nilikuwapo chakulani, nami nitayasema maneno ya baba yangu mchana kweupe. Alisema, 'Sultani ni mtoto mwema, lakini amri hii ni dhuluma. Ametufanya wageni katika nyumba zetu. Na mtoto asiyesikia la mkuu huvunjika guu.' Haya ndiyo aliyoyasema, nami nayasema pia. Kama ni kukata, kateni ndimi mbili."

Mwenye kisu akamtazama Sultani, na Sultani akasema kwa sauti ya chini, "Baba yangu aliuawa na watu waliokuwa wakinong'ona. Mimi nifanye nini?"

"Muuaji, maulana, ndiye wa kwanza kufunga mlango na mdomo. Ndege wako amekuletea wasemao wazi tu. Hao ukiwamaliza, nani atakuonya kwamba sharbati ina sumu?"

Na Sultani akaona ajabu, kwamba maneno yaliyoletwa na ndege yalimfikia kama fitina, na yaliposemwa mbele ya uso wake yalikuwa nasaha. Akainuka, akaichana amri kwa mkono wake mwenyewe, na Waziri Shadhili akatolewa mjini siku ile ile, na mali yake akapewa mzee Ghalibu kwa mateso aliyoyapata.

Kisha Sultani, mbele ya watu wote, akamposa Zaituni kwa baba yake.

Mzee Ghalibu akajisugua vifundo vilivyochubuka. "Hapana," akasema. "Mwenye kutaka kukata ulimi wa mtu hamposi binti yake siku hiyo hiyo. Huna adabu bado."

Uso wa Sultani ukawiva, na askari wakashika panga. Lakini Sultani akainamisha kichwa, akasema, "Umesema kweli, mzee wangu. Niwie radhi." Akageuka kwenda zake.

"Baba," akasema Zaituni, "umemwambia hapana, na ulimi wako ungalipo."

Mzee akaupitisha ulimi kwenye meno yake, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afungwe. "Mwiteni arudi," akasema.

Wakaoana, na nyimbo zilizoimbwa harusini zilimtania bwana harusi kuliko mtu yeyote, naye alicheka, ingawa wasema kweli husema kwamba nyingine zilimchoma. Basi jueni, enyi mnaotawala mji au nyumba tu, kwamba anayenyamazishwa hageuki kuwa rafiki.