Tembo wa Shimo la Matofali

Wengi waona simba, mmoja aona mwiba. Mmeisikia methali hii leo kwenye jumuiya, wanangu, mkaanza kuulizana simba gani, na mwiba wa nani. Basi sikilizeni chimbuko lake, na msishangae, maana halikutokana na simba bali na tembo.

Katika kigango cha Nambela waumini walikuwa wakijenga kanisa la Mtakatifu Yeronimo. Udongo wa matofali waliuchimba kando ya njia ya kisimani, na masika yalipoanza wakaliacha shimo wazi, nyasi zikaota pembeni. Katekista wao naye aliitwa Yeronimo. Alikuwa na picha ya huyo somo wake, simba amelala miguuni pake kama mbwa wa nyumbani. Kila mwaka aliwasimulia watoto jinsi simba alivyoingia monasteri akichechemea, wamonaki wengine wakakimbia, na mtakatifu akamng'oa mwiba mguuni. Watoto walikuwa wakiondoka na jambo moja tu: mtu wa Mungu haliwi na mnyama.

Siku moja tembo jike akaja akasimama kwenye njia ile. Hakwenda mashambani wala hakurudi porini. Aliyesogea na ndoo alifukuzwa. Kesho yake yule tembo akawa yupo palepale, na watoto wakaanza kunywa maji ya vidimbwi, matumbo yakawauma.

Katekista akaivaa kanzu yake na kuichukua picha. Mkewe, Redegunda, mtoto mgongoni, akamshika mkono.

"Baba Oresti, usiende. Huyu si yule wa pichani."

"Yeronimo ni somo wangu. Kama simba alimtii, sembuse tembo?"

"Mwachie mkono, Mama Oresti," wifi yake akadakia. "Au hutaki kuwa mke wa mtakatifu?"

Watu wakacheka kidogo, makoo makavu. Redegunda hakucheka. Kila mumewe alivyopiga hatua, ndivyo alivyoona ile kanzu nyeupe inavyozidi kuwa ndogo mbele ya yule mnyama. Nyuma yake watu wakapaza litania, ngoma zikalia.

Tembo akatanua masikio. Akaja.

Katekista akageuka, akakimbilia nyasini, na mara hakuonekana tena. Redegunda akapiga yowe. Mumewe alikuwa ametumbukia katika shimo la matofali, na tembo amesimama ukingoni, mkonga umeinamia ndani.

Mzee Kalisti akainua gobore lake. "Nipisheni, nimpige sikioni."

"Usipige, babu!" Redegunda akamzuia. "Akianguka, anaangukia humo humo!"

"Sasa tumtazame tu akimponda mumeo?"

 Redegunda alikuwa akimtazama tembo, akingoja kusikia mfupa ukivunjika, na hakusikia. Ndipo akaona kifuani mwa tembo, kati ya miguu ya mbele, matiti yamevimba, maziwa yanadondoka vumbini. Yeye mwenyewe alikuwa ananyonyesha. Aliyajua maumivu yale.

"Nyamazisheni ngoma," akasema. Zikanyamaza. Akaita, "Baba Oresti! Uko na nani humo?"

Sauti ikatoka chini, nyembamba. "Niko na mtoto wake! Amezama matopeni hadi tumboni, hata kulia hawezi tena. Mama Oresti, niombee!"

"Naomba. Ila nipeni jembe."

Akamshusha mtoto mgongoni, akamkabidhi wifi yake, ambaye sasa hakuwa na utani wowote. Akazunguka taratibu hadi upande wa bondeni, ambako ukingo ulikuwa mfupi, akaanza kulima. Kila jembe liliposhuka, masikio ya tembo yalitikisika. Kuna wakati tembo alimjia karibu hadi Redegunda akasikia pumzi yake shingoni.  Hakukimbia, alikata bonge la udongo, akaliweka kando, akakata jingine. Tembo akarudi nyuma, akangoja.

Ukingo ukamomonyoka, ukawa mteremko. Kule chini katekista akafukua matope kwa mikono, akamsukuma ndama matakoni kwa bega. Ndama akateleza, akasukumwa tena, mkonga wa mama ukampokea. Wakaenda zao porini, mama akimpapasa mwanawe njia nzima.

Walipomvuta katekista juu, wifi akapiga vigelegele. "Picha imefanya kazi!"

"Picha gani?" akasema mzee Kalisti. "Picha iko matopeni. Sisi tulimwona muuaji, mimi wa kwanza. Mama Oresti ndiye aliyemwona mzazi. Na lile shimo tulilichimba sisi wenyewe, kwa ajili ya nyumba ya Mungu."

Katekista alikuwa ameketi chini, mkono wake katika mkono wa mkewe. 

"Wamonaki wote walikimbia siku ile ya simba," akasema. "Waliona meno. Yeronimo aliona mguu unaochechemea. Kumbe utakatifu wake ulianzia hapo, kabla simba hajatulia."

Hapo ndipo methali ile ilipozaliwa. Basi wanangu, mkikutana na mtu mkali, jirani au mkwe, anayenguruma mlangoni, msikimbilie gobore, wala msijifanye watakatifu wa pichani. Tazameni kwanza anapochechemea. Nanyi ulizeni ni nani aliyelichimba shimo.

Wengi waona simba, mmoja aona mwiba.